Jodari Hamsubiri Asiye na Barafu

Katika duka moja kubwa la Moshi mjini kuna rafu ya samaki wa makopo, na kopo la jodari ndilo lenye bei ya kumfanya mteja alirudishe taratibu mahali pake. Niliwahi kuligeuza nikasoma maandishi madogo: limefungwa Thailand. Hilo si ajabu, kwa kuwa Thailand ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje jodari wa makopo. Ajabu ni kwamba samaki mwenyewe anapita mbele ya pwani ya Tanga, mwendo wa nusu siku kwa basi kutoka stendi ya Moshi, na sisi wa Machame hatumjui sura.

Kwa haki, hatujawahi kuwa watu wa bahari. Kwetu samaki ni perege na kambare wa Nyumba ya Mungu, wanaofika Boma Ng'ombe wakiwa wamefungwa nyuma ya pikipiki, au dagaa wakavu wa kupimwa kwa kopo sokoni. Mtori haudai jodari. Wazee wengi wa kijijini kwetu wameiona bahari siku ya harusi ya mtoto aliyeolewa Dar es Salaam, wakaitazama kwa mbali, wakarudi kwenye migomba yao.

Lakini maji yetu yanaifahamu njia. Kikafu na Weruweru, mito inayotelemka kutoka msituni juu ya vihamba vyetu, inaingia Kikuletwa. Kikuletwa inajaza bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na maji yanayotoka bwawani ndiyo yanayoendelea kuwa Mto Pangani, yakapita Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale, mpaka yamwagike baharini kwenye mji wa Pangani. Anayepanda kivuko cha kuelekea Bweni anavuka maji ambayo sehemu yake ilinyesha Machame.

Nje ya mdomo huo wa mto ndipo ilipo siri ya jodari. Kati ya Unguja na bara, bahari ni ya kina kifupi. Kwa Pemba mambo ni mengine kabisa: kisiwa kile kimetengwa na bara na bonde la chini ya bahari ambalo kina chake kinafikia mita 800 hivi. Maji makuu ambayo sehemu nyingine za dunia huhitaji meli kuyafikia, hapa yako umbali wa saa chache kwa boti ya kawaida ya uvuvi. Mkondo wa bahari unaosukuma maji kuelekea kaskazini mwaka mzima hupita humo, na kusi linapovuma hukaza mwendo. Samaki wadogo hufuata mkondo, na jodari hufuata samaki wadogo.

Nilikwenda Pangani mwishoni mwa Septemba, kusi likiwa limeanza kulegea. Nahodha aliyekubali kunichukua ni mtu mzima wa makamo, mwenye sauti ya chini na vidole vilivyojaa makovu ya mshipi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Niliposema Machame, jina langu likaishia hapo. Kuanzia dakika ile nilikuwa Mangi, kwake na kwa vijana wake wote.

Boti yenyewe ni ya faiba, ndefu kidogo kuliko daladala aina ya Hiace, haina paa wala kiti, ina mbao za kukalia tu. Nyuma mashine moja ya farasi 15. Ndani madumu ya petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, dumu la maji ya kunywa, sufuria la wali, mishipi imezungushwa kwenye vipande vya mbao, kulabu, rungu, na GPS ya mkononi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Na katikati ya boti, limelazwa chali, jokofu bovu. Waya zake zilikwisha kung'olewa zamani. Humo ndimo ilimokuwa barafu: vifuko vya plastiki vilivyogandishwa kwenye majokofu ya majirani, vya aina ile ile wanayonunua watoto wa shule. Nilivitazama nikaona vimejaa robo ya jokofu. Sikuuliza. Sikujua bado kama kulikuwa na la kuuliza.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, maji yakitoka, kwa sababu mdomoni mwa mto pana fungu la mchanga na chombo kinachopuuza saa za maji kinaweza kukwama hapo hapo mbele ya mji, watu wakikitazama. Tulipita Maziwe kukiwa bado giza. Kisiwa hicho kilikuwa na mivinje na viota vingi vya kasa. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, miti ikaisha miaka michache baadaye, na leo ni fungu la mchanga ambalo bahari ikijaa hulimeza. Baada ya Maziwe mawimbi yalibadilika. Yakawa marefu, mapana, yenye kubeba chombo polepole na kukishusha polepole, na tumbo langu likaanza kujieleza.

"Mangi," nahodha akasema bila kugeuka, "ukitaka kutapika tapika demani. Usitapike joshini, utatuogesha."

Vijana wakacheka. Nikatapika demani.

Kulipopambazuka milima ya Usambara ilikuwa nyuma yetu, bluu, na nahodha akaanza kuitazama mara kwa mara. GPS anayo, na anaijua, lakini anasema betri huisha na mlima hauishi. Hupanga kilele kimoja na kingine, akijua vikikaa sambamba yuko wapi. Kisha akatoa mishipi ya kurambaza. Chambo hakikuwa samaki: ni nyuzi nyeupe za kiroba zilizochambuliwa na kufungwa juu ya ndoana, zinazoruka juu ya maji chombo kikienda, ili jodari adhani ni dagaa anayekimbia. Kijana mmoja alivaa vidoleni vipande vya mpira wa tairi. Mwingine alikaa mbele akitafuta ndege. Membe wakizunguka na kupiga mbizi mahali pamoja, chini yao kuna vurugu, na kwenye vurugu yumo anayetafutwa.

Asubuhi yote tulipata sehewa, jamaa yake mdogo jodari, mwenye nyama nyekundu na bei ya chini. Kuelekea saa nne ndipo mshipi wa kushoto ulipokwenda. Hakuna aliyepiga kelele. Nahodha alipunguza mashine, kijana mwenye mipira vidoleni akauachia mshipi upite, ukapita, ukapita, unalia kwenye ukingo wa boti. Jodari akiumwa na ndoana huenda chini, na chini ya boti yetu palikuwa na mamia ya mita za kwendea. Kazi ya kumrudisha ni ya mikono mitupu: kuvuta akichoka, kuachia akikasirika. Wakapokezana. Alipokaribia juu tuliona kwanza mng'ao wa fedha ukizunguka, kisha yale mapezi ya njano yanayompa jina. Kulabu ikaingia, watu wawili wakamnyanyua, rungu likashuka mara moja kichwani.

Nahodha akamkata nyuma ya pezi la ubavu, damu ikatoka nyingi, kisha akampasua tumbo. Hapo akanishika mkono, akauweka ndani ya mkato. Nyama ilikuwa na joto. Bahari ile vuguvugu nayo ina joto lake, lakini lile lilikuwa joto jingine, karibu na la mbuzi aliyechinjwa muda huo huo.

Kitu hicho kimoja kinaeleza karibu kila kinachofuata. Samaki wengi huwa na joto la maji waliyomo. Jodari ana mishipa ya damu iliyopangwa sambamba, ile inayokwenda na ile inayorudi, ili joto la misuli lisipotee kwenye mashavu anapovuta maji. Misuli yenye joto ina nguvu, ndiyo maana anaweza kumfukuza chochote. Hawezi kusimama pia: akiacha kuogelea maji hayapiti kwenye mashavu, atakosa hewa. Amezaliwa kukimbia, na mwili wake ni jiko lisilozimwa.

Siku ya kufa kwake, jiko hilo linamgeuka. Akipigana muda mrefu kwenye mshipi anapanda joto zaidi, na nyama inaanza kupauka na kulegea kabla hajaingia kwenye boti. Akilazwa juani, bakteria hugeuza kiini fulani kilichojaa kwenye nyama yake kuwa histamini. Histamini haina harufu ya kumtisha mpishi, na moto wa jikoni hauiondoi. Anayeila anapata uso mwekundu, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, na wengi hudhani wamepata mzio wa samaki. Dawa ni moja tu, na lazima itolewe baharini: damu itoke, matumbo yatoke, na samaki azikwe kwenye barafu mpaka ubaridi ufike kwenye uti wa mgongo. Kwa joto la pwani zetu, kanuni ya wataalamu ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na ikizidi ni heri.

Nikakumbuka robo ya jokofu.

Mkulima yeyote wa Machame angeielewa hesabu hii bila kusomea uvuvi, kwa sababu ndiyo hesabu ya kahawa. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi isipokobolewa siku hiyo hiyo inachacha, na ikichacha hakuna juhudi ya baadaye itakayorudisha ladha yake: si jua la kichanjani, si gunia jipya, si maombi ya mnadani Moshi. Thamani yote imewekwa, au imepotezwa, katika saa za kwanza, mikononi mwa mtu mnyonge kuliko wote katika mnyororo. Babu zetu walilijua hili, na walijua pia kuwa mtu mmoja na ndoo yake hawezi kulimudu. Chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro kilianza mwaka 1925, KNCU ikafuata mwaka 1933, na pamoja na ushirika ikaja tabia ya kupanga madaraja na kulipa kwa madaraja. Jodari wa Pangani hana daraja. Ni jodari tu.

Mbaya zaidi ni wale wa jarife. Jarife ni nyavu za matundu makubwa zinazotandazwa jioni na kuachwa majini usiku kucha, na hapa Tanga zimekuwa maarufu duniani kwa jambo lisilohusu jodari: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndizo zilizokuwa zikimnasa silakanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, mpaka serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Jodari anayenaswa saa mbili usiku hufa muda mfupi tu kwa kukosa mwendo, halafu hukaa kwenye maji ya vuguvugu hadi alfajiri. Akifika pwani ni mzito, ni mkubwa, anapendeza kupiga naye picha, lakini nyama imekwisha kwenda. Kwa mchuzi wenye ukwaju na pilipili ya kutosha pengine hutajua.

Upande wa pili wa mizani wako wakubwa. Ukanda wetu wa uchumi wa bahari una kilometa za mraba 223,000 hivi. Mkoa wa Kilimanjaro ungeingia humo zaidi ya mara 16. Huko hufanya kazi meli za kigeni zenye leseni, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao Zanzibar. Meli ya mishipi mirefu hutandaza kamba ya kilometa 100 na zaidi yenye maelfu ya ndoana. Meli ya nyavu ya kuzungushia inaweza kupakia kwa mtupo mmoja uliokwenda vizuri tani ambazo boti ya nahodha wangu haitazifikisha maisha yake yote. Zote zina mitambo ya kugandisha ndani. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka Tawariq 1, meli iliyokamatwa Machi 2009 ndani ya ukanda wetu ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Waziri wa uvuvi alikuwa John Magufuli. Samaki wakagawiwa taasisi za umma, watu wakawaita samaki wa Magufuli, na kwa Watanzania wengi wa bara huenda ile ndiyo mara ya kwanza kumtia jodari mdomoni. Kesi ilizunguka mahakamani hadi mwaka 2014, Mahakama ya Rufani ilipofuta hukumu iliyokuwa imetolewa. Kuhusu samaki hakuna aliyerudisha hata mfupa.

Ni rahisi kumaliza hadithi hapo, kwa kuwalaani wenye meli. Nami nilikuwa na hamu ya kufanya hivyo. Mwaka 2015 wanasayansi wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, walitangaza kuwa jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, na nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, zikaanza kuvutana kuhusu viwango. Lakini katika bahari hii karibu nusu ya jodari huyu huvuliwa na vyombo vidogo: vya Oman, Iran, Sri Lanka, Maldives. Uvuvi wa boti ndogo si kichekesho cha maskini. Maldives, nchi isiyo na kahawa, dhahabu wala mlima, imejenga jina lake kwa kuvua jodari mmoja mmoja kwa mshipi na fimbo, bila nyavu, ikamweka kwenye barafu papo hapo na kumsafirisha kwa ndege hadi Ulaya akiwa mbichi. Wateja wa huko hulipa zaidi kwa sababu hiyo hiyo ya mshipi ambayo kwetu tunaiona ni alama ya kubaki nyuma.

Kuna na wale wanaovua kwa starehe, Nungwi, Mafia, Shimoni, Watamu, wenye viti vilivyofungwa sakafuni na fimbo za bei ya pikipiki. Sina ugomvi nao. Wengi humrudisha sulisuli majini akiwa hai baada ya kumpiga picha, jambo ambalo vijana wa Pangani huliona ni dalili ya ugonjwa. Mwaka 1934 mmoja wao alikuwa Ernest Hemingway. Alikuwa ameugua akiwa kwenye safari ya kuwinda Serengeti, akachukuliwa kwa ndege ndogo, akauona mlima wetu kutoka angani, na baadaye kabla ya kurudi kwao akaenda kuvua Malindi. Miaka miwili baadaye Kilimanjaro ukawa kichwa cha hadithi yake. Waongoza watalii wa Machame wanamtaja kila wiki. Sijamsikia hata mmoja akimtaja samaki.

Turudi kwenye boti, maana upepo ulianza kuamka na nahodha hakuupenda. Siku hizi vyombo vingi hapa husikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu Mei 2024 kiliwafundisha hata wabishi. Jaketi okozi tulikuwa nazo mbili kwa watu watano, na moja ilikuwa imefanywa mto wa kulalia. Jodari wetu alijikunja ndani ya lile jokofu, mkia ukitokeza nje, sehewa wakimzunguka, na vifuko vya barafu vikihamishwa mara huku mara kule na kijana aliyekuwa akijua wazi kwamba havitoshi. Kufikia adhuhuri vilikuwa maji. Mkia tuliufunika kwa gunia lililolowekwa.

Njiani nikamuuliza nahodha lile nililokuwa nimelimeza alfajiri. Kwa nini barafu robo tu? Hakuona aibu. Barafu ni fedha inayotoka kabla ya samaki kuonekana, akasema, na siku ya kurudi mtupu inageuka maji na deni. Mafuta huwezi kuyapunguza, utalala baharini. Chakula cha vijana huwezi. Kinachobaki cha kupunguza ni barafu. Zikitolewa gharama, mwenye chombo huchukua sehemu ya chombo na sehemu ya mashine, mabaharia wanagawana kinachobaki. Katika hesabu hiyo hakuna anayepewa sehemu ya ubaridi.

Pwani tulikuta watu wameshasimama. Wachuuzi wenye mabeseni, mama lishe wawili waliotaka vipande vya kukaanga jioni hiyo, mnunuzi wa Tanga mwenye gari dogo, na dalali, kofia ya kiua kichwani, ambaye hakuhitaji kuinua sauti. Mnada ulikwisha kabla sijatoa daftari. Jodari wetu alinunuliwa na yule wa Tanga. Chombo kingine kilikuwa kimeshusha jodari wa jarife, macho yameshaingia ukungu, naye aliuzwa kwa bei ile ile ya kilo. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza dalali, kwa heshima zote, kama hajali kuwa huyu ametolewa damu na kulazwa baridi na yule amelala kwenye nyavu usiku mzima. Akanitazama kwa huruma wanayotazamwa nayo watu wa bara. Akanieleza kuwa anajua tofauti, anaijua kwa kugusa tu shingo ya samaki. Ila mnunuzi atamkata vipande, atamkaanga, na aliye Muheza au Korogwe halipii zaidi kwa kitu asichokiona.

Nahodha alikuwa amesimama kando akikunja mishipi. Msimu umekuwa mzuri, ana akiba ya kununua kitu kimoja: sanduku la kweli la barafu, lenye kuta nene, aliloliona Tanga mjini, au mashine ya farasi 40 iliyotumika. Nilimuuliza atanunua kipi. Akasema mashine. Itamfikisha kwenye ndege kabla ya wenzake, naye atarudi na kilo nyingi zaidi, na kilo ndizo dalali anazopima.